Namna ya kumfikisha mzee wa mashambani kwenye kamera kabla saratani ya utumbo haijasambaa

Kama unaishi Nairobi na wazee wako wako Nambale, Kyuso, Lodwar au Hola, nimekuandikia wewe. Mimi ni nesi katika chumba cha endoskopi cha hospitali ya umma hapa jijini. Kazi yetu ni kupitisha kamera kwenye koo, tumbo na utumbo mpana. Kwetu ni Nambale, Busia. Naishi Umoja, na nyumba yangu imekuwa kituo cha kila jamaa anayekuja Nairobi kutafuta matibabu, kwa hiyo ugonjwa huu naujua kazini na naujua sebuleni.

Saratani ya utumbo mpana na puru (puru ni ile sehemu ya mwisho ya utumbo, juu kidogo ya njia ya haja kubwa) huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa ndani. Tunakiita polipu. Kwa kawaida huchukua takriban miaka 10 kugeuka saratani, na muda wote huo daktari anaweza kukikata kwa waya unaopita ndani ya kamera yenyewe, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hata kikishageuka, kama bado kimo ndani ya ukuta wa utumbo, upasuaji huponya wengi. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba katika kila watu 10 wanaogunduliwa mapema hivyo, karibu 9 huwa hai miaka 5 baadaye. Ikishafika kwenye ini au mapafu, wanaobaki hai kwa muda huo ni kama 15 katika kila 100.

Tofauti ya mahali inaingia hapo. Anayeishi Parklands akiona damu chooni Jumatatu, Ijumaa anaweza kuwa amelala kwenye kitanda cha kamera. Anayeishi Nambale huanza na kemisti, halafu zahanati, halafu mtu wa dawa za miti, halafu hospitali ya kaunti ndogo, halafu anangoja mahindi yauzwe apate nauli. Anapofika kwangu mwaka umekwisha na tumbo limevimba. Wizara ya Afya imesema kwa miaka mingi kwamba wagonjwa wengi wa saratani nchini, 7 kati ya 10 au zaidi, hugunduliwa wakiwa wamechelewa. Mashine za kamera na wataalamu wa kuzitumia wamejazana Nairobi, Mombasa na Eldoret, pamoja na hospitali chache za misheni kama Tenwek kule Bomet. Ukichora ramani ya wanaochelewa, utakuwa umechora pia ramani ya mahali kamera zilipo.

Nchi tajiri nazo zina ramani yao. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015 ulionyesha sehemu tatu ambako saratani hii inaua kupita kiasi: bonde la chini la mto Mississippi, upande wa kati na magharibi wa milima ya Appalachia, na mashariki ya Virginia na North Carolina. Bonde la Mississippi lilikuwa na vifo asilimia 40 zaidi ya sehemu nyingine za nchi. Lakini jimbo la Delaware ndilo linalonipa moyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilianza kuwalipia vipimo wasio na bima, likawalipia matibabu waliokutwa na saratani, na likaweka manesi wa kufuatana na mgonjwa: wampigie simu, wampangie siku, wamtafutie usafiri. Kabla ya hapo, katika kila wagonjwa Weusi 100 wa saratani hii, 79 waligunduliwa ikiwa imeshatoka nje ya utumbo. Kufikia 2009 walikuwa 40.

Kaunti zetu nyingi hazina nesi wa namna hiyo. Kazi hiyo ni yako, wewe mwenye chumba cha kumlaza mtu Nairobi. Hivi ndivyo inavyofanywa.

Simu ya kwanza

Mzee hatakuambia anatoa damu. Atakuambia amechoka, au mkewe ndiye atakayenong'ona kwamba suruali zinamvuka. Hapo ndipo uanze kuuliza, na uulize kwa adabu ya kwenu. Kwetu binti hamuulizi baba mkwe habari za choo hata kidogo. Mtafute mpwa wake, au mzee wa rika lake, au mkewe aulize kwa niaba yako. Mimi kwa mjomba wangu niliweza kuuliza mwenyewe.

"Mulembe, mjomba. Mama anasema umekonda. Choo kinaendaje?"

"Ni bawasiri tu, mwanangu. Kijana wa kemisti amenipa dawa ya kupaka."

"Alikuangalia?"

"Aangalie nini? Nilimwambia mwenyewe ni bawasiri."

Mazungumzo hayo nimeyasikia, kwa maneno mengine, kutoka kwa wagonjwa wengi mno. Bawasiri ipo na ni ya kawaida sana. Tatizo ni kwamba saratani ya puru nayo hutoa damu, nayo huleta hisia ya kutaka kwenda haja tena na tena, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Hakuna awezaye kuvitenganisha kwa kusikiliza maelezo dirishani.

Uliza mambo haya, hata kama yanakuonea haya. Damu imeanza lini, na ni nyekundu tupu au imechanganyika na choo, au ina ute? Choo kimebadilika, yaani mtu aliyekuwa anakwenda kila asubuhi sasa anafunga siku kadhaa kisha anaharisha? Kimekuwa chembamba? Akimaliza anahisi bado kuna kitu kimebaki? Mkanda umeingia tundu ngapi? Anapumzika njiani akitoka shambani, mahali ambapo zamani hakupumzika?

Swali hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana. Saratani ikiwa upande wa kulia wa utumbo mpana, choo pale bado ni majimaji, kinapita bila taabu, na damu hutoka kidogo kidogo bila kuonekana kwa macho. Dalili pekee huwa uchovu na upungufu wa damu. Mwanamume mzima, au mama aliyekoma hedhi, akiambiwa damu yake imepungua, vidonge vya madini ya chuma peke yake havitoshi. Lazima mtu aulize damu inapotelea wapi.

Uliza pia ametibiwa nini tayari. Utasikia taifodi, amiba, vidonda vya tumbo, minyoo, na pengine taifodi tena. Nina kanuni yangu na sijaona sababu ya kuibadilisha: dozi moja ikimalizika na dalili zikarudi, hakuna dozi ya pili ya kitu kile kile mpaka mtu apimwe kwa kidole.

Kipimo cha kidole, huko huko nyumbani

Kabla ya nauli kukatwa, mzee aende hospitali iliyo karibu yenye ofisa wa kliniki au daktari na aombe apimwe njia ya haja kubwa kwa kidole. Ni kipimo cha dakika moja, hakihitaji umeme wala mashine, na uvimbe mwingi wa puru huguswa na kidole hicho. Kinarukwa kwa sababu ya haya: mzee anaona haya, na kijana aliyevaa koti jeupe anamwonea haya mzee. Mwambie mzee mapema kwamba atalala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, na kwamba kitu kinachotafutwa ni uvimbe. Mwambie pia ana haki ya kuomba mhudumu mwanamume. Ukimwandaa kwa maneno hayo, atakubali. Akishtukizwa, atavaa suruali na kuondoka.

Siku hiyo hiyo apimwe kiwango cha damu. Kisha apewe barua ya rufaa iliyoandika dalili, muda wake, matokeo ya kidole na kiwango cha damu. Barua iliyoandikwa "maumivu ya tumbo, tafadhali msaidie" itamweka mwisho wa foleni. Iliyoandikwa "damu kwa njia ya haja kubwa miezi minne, uvimbe umeguswa, damu 7" humpeleka mbele. Nimepanga foleni hizo, najua.

Kuna kipimo cha kutafuta damu iliyojificha kwenye choo, na ni kizuri kwa mtu mzima asiye na dalili zozote. Mwongozo wa taifa unataka uchunguzi wa saratani hii uanze kwenye miaka 45. Kwa mtu ambaye damu anaiona kwa macho, jibu safi la kipimo hicho lisikurudishe nyuma. Yeye anahitaji kamera.

Na umri usikudanganye. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alitangaza mwanzoni mwa 2019 kwamba saratani yake ya utumbo ilikuwa hatua ya nne. Alifariki Julai mwaka huo huo, akiwa na miaka 41. Alikuwa mtoto wa Nairobi, hospitali zote kubwa ziko kwenye jiji lake. Kijana wa miaka 30 mwenye damu chooni na upungufu wa damu apewe uzito ule ule wa babu yake.

Wapi, na kwa pesa gani

Usidhani lazima iwe Nairobi. Mtu wa Busia au wa Lodwar, hospitali ya rufaa ya Moi kule Eldoret iko karibu zaidi. Wa Hola aangalie Mombasa. Nairobi ina faida moja tu kwako, kwamba wewe upo. Hiyo faida si ndogo: mgonjwa mwenye mtu wa kumfuatia karatasi hapotei. Pima vyote viwili.

Piga simu vituo kadhaa, vya umma na vya kulipia, uulize foleni ni ya muda gani, bei inahusisha kipimo cha kinyama kitakachokatwa au hicho hulipiwa kando maabara, na kama polipu ikionekana itaondolewa papo hapo au mgonjwa ataitwa tena. Kituo cha bei ya chini ambacho hakiondoi polipu kinaweza kukugharimu kamera mbili.

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya zamani, Oktoba 2024. Hakikisha mzee amesajiliwa, kwa *147# au kwenye kituo, na mchango wake umelipwa kabla ya kuugua kwake kuwa dharura. Anayelipwa mshahara hukatwa asilimia 2.75, asiye na mshahara hupimwa uwezo wake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Fungu la matibabu ya saratani lina kikomo cha mwaka, na kikomo hicho ni cha familia nzima, kwa hiyo uliza salio kabla ya kila hatua kubwa. Michango ya ndugu kwenye kikundi cha WhatsApp ianze siku ile barua ya rufaa inapoandikwa. Familia nyingi hungoja mpaka jina la saratani litajwe, na hapo ndipo majuma mengine mawili yanapotelea kwenye mikutano.

Siku tatu nyumbani kwako

Sehemu hii ndiyo watu huipuuza, na ndiyo inayoharibu kamera nyingi za watu wanaotoka mbali. Utumbo ukiwa na choo ndani, daktari haoni kitu. Mgonjwa anarudishwa, anapewa tarehe nyingine, na nauli ya Busia imekwenda bure.

Mzee afike Nairobi siku tatu kamili kabla. Dawa ya kusafisha utumbo hainyweki kwenye basi. Nimewahi kumpokea mama aliyeambiwa aanze kunywa alasiri kisha apande gari la usiku, na sitaki mzazi wa mtu yeyote apitie aliyoyapitia yule mama njiani.

Vidonge vya madini ya chuma viache wiki moja kabla, maana huufanya uchafu wa utumbo uwe mweusi na wa kunata. Dawa za kisukari, na dawa za kuzuia damu kuganda, usiziguse kwa uamuzi wako: piga simu kwenye chumba cha kamera, uwatajie jina la dawa na dozi, wakuambie ipi isimame na lini.

Siku tatu hizo asile mbegu wala makapi: mapera, nyanya, maharagwe, mahindi ya kuchemsha, githeri, sukuma wiki, ugali wa wimbi. Ataona umemnyima chakula cha maana. Mpe wali mweupe, mayai, samaki aliyetolewa miba, viazi vilivyomenywa, mkate mweupe. Siku ya mwisho kabla ya kamera ni vinywaji vya kuonekana ndani tu: strungi, maji ya glukosi, supu iliyochujwa kwa kitambaa, sharubati ya tufaha isiyo na nyama za tunda. Maziwa hapana, hata tone kwenye chai. Kinywaji chekundu au cha zambarau hapana, kwa sababu kwenye kamera kinafanana na damu.

Sasa maji na choo. Ukiishi Eastlands unajua mgao wa maji ulivyo. Tazama zamu ya mtaa wako kabla ya kukubali tarehe, na ujaze mitungi yote siku moja mbele. Kama ni ploti ya choo cha pamoja, ongea na majirani na mtunza nyumba mapema, uwaambie una mgonjwa atakayekitumia sana usiku mmoja. Watu wanaelewa wakiambiwa. Weka taa ya chaji mlangoni, kandambili zisizoteleza, na ndoo yenye mfuniko chumbani kwa mzee asiyeweza kukimbia. Nunua karatasi laini na jeli ya kupaka, ngozi itachubuka. Kijana alale karibu naye, kwa sababu mzee aliyepungukiwa damu anaweza kupata kizunguzungu akisimama gizani.

Dawa yenyewe ni ya unga, huchanganywa na maji, na kwa kawaida jumla ni lita mbili hadi nne kutegemea aina. Nusu hunywewa jioni, nusu alfajiri, saa zile utakazoandikiwa. Ladha yake ni mbaya. Ipoeze, anywe glasi kila dakika kumi na tano, atafune tangawizi katikati kisha aiteme. Akitapika, mpumzishe nusu saa, endelea polepole. Asubuhi kinachotoka kiwe maji ya rangi ya manjano mepesi ambayo unaweza kuona chini ya ndoo. Kikiwa bado cha kahawia, piga simu uwaambie kabla ya kutoka nyumbani; wakati mwingine tunamwongezea dozi akiwa hapa hapa wadini.

Onyo moja kubwa. Mtu ambaye tumbo limevimba, anatapika na hajapitisha hata upepo kwa siku nzima asipewe dawa hii. Utumbo wake huenda umeziba. Huyo anapelekwa idara ya dharura siku hiyo hiyo.

Kitandani, na karatasi za kutoka nazo

Agiza teksi alfajiri. Matatu za saa kumi na moja zimejaa na mzee anaweza kuhitaji choo njiani. Mbebee suruali ya kubadilisha, blanketi jepesi, kitambulisho, barua ya rufaa. Atachomwa dawa ya kusinzia, kwa hiyo lazima mtu mzima ampeleke na amrudishe, na siku hiyo asitie sahihi mkataba wowote wala asiendeshe hata pikipiki.

Akitoka, usiridhike na "imeenda vizuri". Omba ripoti yenye picha na uhakikishe imeandika mambo manne: utumbo ulikuwa safi kiasi gani, kamera ilifika mwanzo kabisa wa utumbo mpana au iliishia njiani, uvimbe uko sentimita ngapi kutoka njia ya haja kubwa, na vipande vingapi vya nyama vimekatwa kwa kipimo. Kamera iliyoishia njiani haijamaliza kazi, hata kama sehemu iliyoonekana ilikuwa nzuri.

Kisha fuata ile nyama. Kwa maoni yangu watu wa mbali hupotelea hapa kuliko mahali pengine popote. Mzee anarudi Nambale kuangalia ng'ombe, matokeo yanatoka, simu iliyoandikwa kwenye fomu ni ya mjukuu aliyebadilisha laini, na karatasi inayosema "saratani" inalala kwenye droo. Nimezikuta. Zuia hilo kwenye fomu yenyewe: andika namba yako, na namba ya pili ya mtu wa nyumbani asiyebadilisha laini, na jina lako kama mchukuaji wa matokeo. Uliza matokeo yatatoka tarehe gani, na siku hiyo nenda mwenyewe. Uliza pia maabara inahifadhi wapi kile kipande cha nyama kilichogandishwa kwenye nta. Daktari wa saratani anaweza kukihitaji tena.

Jina la ugonjwa likishatajwa

Familia nyingi hutaka kumficha mzee. Mimi huwaambia waache. Ataona chumba alichomo, atawaona wagonjwa wenzake, na mtu anayefichwa hukataa upasuaji kwa sababu haelewi unatibu nini. Mwambie akiwa ameketi, kwa lugha ya mama, mbele ya mtu anayemwamini.

Vipimo vya kujua hatua vifanywe kabla ya kisu, isipokuwa utumbo umeziba: picha ya CT ya kifua, tumbo na nyonga, na kipimo cha damu cha CEA (protini ambayo saratani hii mara nyingi huitoa kwenye damu). Uvimbe ukiwa kwenye puru, ongeza picha ya MRI ya nyonga. Hatua ya kwanza na ya pili saratani imo kwenye ukuta wa utumbo au imeupenya. Ya tatu imefika kwenye tezi za jirani. Ya nne imevuka hadi ini, mapafu au kwingine. Mjomba wangu alikuwa hatua ya tatu.

Uvimbe wa puru mara nyingi hutibiwa kwa mionzi kabla ya upasuaji, na mionzi ni safari ya kila siku kwa majuma kadhaa. Zamani Kenyatta ndiyo ilikuwa hospitali ya pekee ya umma yenye mionzi nchini. Leo ipo pia ile ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa, na vituo vya Mombasa, Nakuru na Garissa viliwekwa ili watu wasilundikane hapa. Uliza kama mzee anaweza kupewa mionzi karibu na kwao, maana majuma hayo kwenye godoro la sebuleni humchosha yeye na humchosha mwenye nyumba.

Mfuko wa choo tumboni unaogopwa kuliko ugonjwa. Kwa wengine ni wa muda, kwa wengine ni wa maisha. Muulize daktari mpasuaji wazi wazi, na uombe mzee akutane na mtu anayeishi nao. Mjomba alikubali upasuaji baada ya kuzungumza faragha na mwalimu mstaafu aliyekuwa amevaa mfuko miaka mingi na bado anapanda baiskeli kwenda kanisani.

Na hata hatua ya nne ina matibabu. Wengine wana doa moja au machache kwenye ini yanayoweza kukatwa. Wengine dawa za kemikali huwapa muda mwema. Maumivu yasivumiliwe kimya: Nairobi Hospice, kituo cha kutuliza maumivu ya wagonjwa mahututi, imekuwa ikiwahudumia wagonjwa tangu 1990, na dawa ya mofini ya kunywa ipo, ni salama ikitolewa ipasavyo.

Andika kaunti ya kweli

Hili ni dogo kwa kalamu na kubwa kwa nchi. Ukimsajili mzee hospitali, utaulizwa anakoishi. Jamaa wengi huandika Umoja, Kayole au Kawangware, kwa kuwa ndipo alipolala jana, au wakidhani mtu wa Nairobi atahudumiwa upesi. Usifanye hivyo. Sajili za saratani, ile ya Nairobi iliyoanza 2001 na ya Eldoret iliyoanza 1999, huhesabu wagonjwa kwa makazi yao ya kawaida, na maofisa wake huchukua habari hizo kwenye mafaili yetu. Mzee wa Nambale aliyeandikwa Umoja anaiongezea Nairobi mgonjwa na kuipunguzia Busia. Mwisho wa mwaka mtu ofisini anatazama jedwali, anaona Busia ina wagonjwa wachache, na mashine haiendi Busia.

Kwa sababu hiyo hiyo, ukiona ramani inayoonyesha kaunti za kaskazini zina saratani kidogo, usiwapongeze upesi. Penye kamera chache hugunduliwa wachache. Swali la kuuliza ni hili: kati ya waliogunduliwa huko, ni wangapi walikuwa tayari hatua ya nne? Mwombe pia daktari aiandike hatua hiyo kwenye faili kwa namba. Faili nyingi hazina, na bila hiyo swali halijibiki.

Wengine wa boma

Mgonjwa akishaanza matibabu, geukia ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake. Hao wako hatarini zaidi ya watu wengine. Waanze kamera wakifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao mgonjwa aligunduliwa, ipi itangulie: baba akigunduliwa na miaka 47, watoto waanze na 37, hata kama hawana dalili yoyote. Kama wako wagonjwa wawili watatu katika ukoo, au mmoja aliyeugua kabla ya miaka 50, au shangazi aliyekuwa na saratani ya mji wa mimba, mwambie daktari, kwa sababu ipo aina inayorithiwa na hiyo hufuatwa kwa ratiba ya karibu zaidi.

Andika majina yao na miaka yao kwenye karatasi moja. Watoto wa mjomba ni sita. Wawili wamefika umri, mmoja yuko Kakamega na mwingine Malaba, na wote wawili nimewapa tarehe za Agosti, wakati shule zimefungwa na mitungi yangu imejaa.